Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Boti ya Kale ya Uokoaji Iliyoundwa kwa Mbao

Ni nadra boti ya uokoaji ya mbao iliyostaafu kumfikia mtafiti ikiwa na sura yake ya awali. Mara nyingi imekwisha kuongezewa kibanda juu ya sitaha, masanduku yake ya hewa yameng'olewa ili ipatikane nafasi ya vitanda, rangi imebadilishwa mara nne au tano, na jina lililoandikwa ubavuni ni la mke au binti wa mmoja wa watu walioinunua. Pamoja na boti huja hadithi: kwamba ilikwenda Dunkirk, Ufaransa, kuwaondoa wanajeshi mwaka 1940, kwamba ilining'inia katika meli fulani mashuhuri, kwamba nahodha wake alivishwa nishani. Baadhi ya hadithi hizo ni za kweli. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipima, na umejikita zaidi katika boti za Uingereza, kwa kuwa huko ziliundwa kwa wingi chini ya chombo kimoja kilichotunza kumbukumbu zake kwa muda mrefu, yaani Taasisi ya Kifalme ya Taifa ya Boti za Uokoaji, inayojulikana kwa herufi RNLI. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1824 kwa juhudi za Sir William Hillary, ikachukua jina lake la sasa mwaka 1854, na makao yake makuu yako Poole, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza.

Je, ni boti ya pwani au ya meli?

Vyombo viwili tofauti kabisa huitwa boti ya uokoaji, na kuvichanganya ndilo kosa linalopoteza muda kuliko yote. Cha kwanza ni boti iliyokaa katika kituo cha pwani, ikisubiri kushushwa majini kwenda kuwaokoa watu wa vyombo vilivyopatwa na ajali. Cha pili ni boti iliyobebwa na meli ili abiria na mabaharia wake wapande iwapo meli inazama. Boti ya meli kwa kawaida ni nyepesi, imechongoka omo (mbele) na tezi (nyuma), mara nyingi mbao zake zimepandana kama vigae, na ina kulabu mbili imara za kuinulia, moja omo na moja tezi. Kanuni za usalama zilitaka vipimo vyake na idadi ya watu inaoruhusiwa kubeba viandikwe kwa alama zisizofutika, kwa hiyo kagua kwa makini mbao za omo kabla ya kupitisha msasa wowote.

Boti ya kituo cha pwani ni nzito. Ina mkuku (uti wa chini wa boti) wa chuma chini ya ule wa mbao, matundu au vali za kutolea maji yanayoingia juu ya sitaha, kamba za kushikia zilizozungushwa ubavuni, na, ikiwa ni ya injini, rafadha (panga za kusukumia boti) iliyofichwa ndani ya mfereji uliochongwa chini ya tezi ili isivunjwe na mawe au mabaki ya meli. Ukiyaona haya, achana na orodha za kampuni za meli na uelekee kwenye kumbukumbu za RNLI au za chombo cha nchi husika.

Ikiwa ni boti ya meli, matarajio yawe ya kiasi. Boti hizo hazikuwa na majina yao wenyewe, zilihamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, na ziliuzwa kwa bei ya mbao meli zilipovunjwa. Titanic ilikuwa na boti 20, na 14 kati yake zilikuwa za mbao zenye urefu wa futi 30. Boti 13 zilipelekwa New York na Carpathia, meli iliyowaokoa manusura, mwaka 1912, na baada ya hapo kumbukumbu zake zinafifia. Anayedai kuwa na mojawapo anapaswa kuonyesha karatasi, si ubao.

Usome mwili wa boti kabla ya kufungua faili

Watafiti wengi hukimbilia nyaraka kwanza. Mimi naona ni bora siku mbili za mwanzo zitumike chini ya boti, ukiwa na tochi, utepe wa kupimia na daftari, kwa sababu boti ndiyo hati pekee ambayo huna shaka kwamba inaihusu boti hiyo.

Pima urefu kutoka ncha ya omo hadi ncha ya tezi bila kuhesabu usukani, kisha upana wa juu kabisa, na uviandike vipimo kwa futi na inchi kama walivyofanya waundaji, hata kama wewe umezoea mita. Inchi chache zina maana kubwa. Boti ya aina ya Watson (jina la mbunifu anayetajwa hapa chini) yenye futi 46 ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia au ya wakati wake. Yenye futi 46 na inchi 9 ni ya miaka ya mara baada ya vita. Na ya futi 47 iliundwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Boti ya aina ya Liverpool yenye injini ina futi 35 na inchi 6. Kwa hiyo utepe peke yake unaweza kupunguza orodha ya mamia ya boti hadi makumi machache.

Umbo nalo lina tarehe yake. Lionel Lukin alipata hataza ya boti isiyozama mwaka 1785, na boti iliyoitwa Original, iliyoundwa na Henry Greathead huko South Shields, ilianza kazi mwaka 1790. Kutoka mikononi mwa Greathead imebaki Zetland ya mwaka 1802, boti ya uokoaji kongwe kuliko zote zilizopo, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Redcar. Mwaka 1851 James Beeching wa Great Yarmouth alishinda tuzo iliyotolewa na Duke of Northumberland kwa muundo wa boti inayojigeuza yenyewe ikipinduka. James Peake akauboresha, na kutoka hapo zikaenea boti zenye masanduku ya hewa yaliyoinuka omo na tezi kama nundu mbili. Ukiona nundu hizo, au alama za mahali zilipokatwa, uko mbele ya boti ya kujigeuza ya baada ya shindano lile.

Si mabaharia wote waliozipenda. Kwenye pwani ya Norfolk na Suffolk, ambako safari ilikuwa ndefu hadi kwenye mafungu ya mchanga, walitaka boti pana, ya chini, inayobeba tanga kubwa, na wakapewa aina yao wenyewe yenye mbao za kupandana. George Lennox Watson, aliyekuwa mbunifu wa RNLI tangu mwaka 1887, alichukua njia ya kati: boti isiyojigeuza lakini ambayo upana na uzito wake wa chini uliifanya iwe ngumu kupinduka. Majaribio ya injini ya petroli yalianza mwaka 1904 katika boti ya J McConnel Hussey, ambayo ilikuwa ya makasia kabla ya hapo. Boti ya kwanza ya aina ya Oakley, ya mwaka 1958, ilirudisha uwezo wa kujigeuza kwa kutumia maji ya uzani yanayohama kutoka tangi moja hadi jingine boti inapoinama. Ukikuta tangi la ajabu katikati ya ngama (sehemu ya chini ndani ya boti), pamoja na njia za maji ambazo fundi wa kawaida hawezi kueleza kazi yake, fikiria Oakley.

Kisha uangalie ngozi yenyewe. Boti nyingi za RNLI za karne ya 20 zina safu mbili za mbao za mahogani zilizopangwa kwa mshazari, safu moja ikielekea huku na nyingine kule, na katikati yake kuna kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi. Mahali ubao ulipooza utaona kitambaa hicho kikichungulia. Yachi chache za kawaida zilijengwa hivyo, maana gharama yake ni kubwa.

Rangi ni kumbukumbu nyingine. Chagua sehemu isiyopigwa na jua, kwa mfano nyuma ya bati au chini ya ukingo, ukwangue eneo dogo lenye upana wa kiganja kwa ngazi, kila ngazi ikiishia kwenye tabaka moja, hadi ufike kwenye ubao. Bluu iliyoiva chini ya tabaka zote, ikiambatana na nyeupe na mstari mwekundu kwenye ukingo, ni ishara nzuri ya RNLI. Rangi za kale zina risasi, ambayo ni sumu: lowesha sehemu unayokwangua, vaa barakoa inayofaa, na usiache vumbi likatua mahali wanapocheza watoto.

Usiitegemee injini. Boti iliyodumu miaka 60 imebadilishwa injini mara mbili au tatu, na bamba la mtengenezaji wa injini linathibitisha umri wa injini tu.

Namba ina uzito kuliko jina

RNLI iliziita boti zake majina ya wafadhili, na mfadhili mmoja, au ukoo mmoja, ungeweza kulipia zaidi ya boti moja. Kituo cha Cromer kilikuwa na boti kadhaa zilizoitwa H F Bailey. Ile aliyoitumia nahodha Henry Blogg kwa miaka ya vita, ambayo sasa ipo katika makumbusho yenye jina lake, inatofautishwa na nyingine kwa namba rasmi 777. Mfuko wa watumishi wa serikali ulilipia boti nyingi kiasi kwamba namba ilibidi iingie katika jina lenyewe, kama Charles Dibdin (Civil Service No. 2) ya Walmer. Zaidi ya hayo, boti iliyoondolewa kituoni na kuwekwa katika akiba ingeweza kupewa jina jingine ikiwa bado ni mali ya taasisi. Mtu anayetafuta kwa jina peke yake ataunganisha maisha ya boti mbili au tatu na kuyafanya moja, bila kujua.

Namba rasmi ya RNLI, ambayo katika maandishi hutanguliwa na herufi ON, haibadiliki. Boti inaweza kubadilishwa jina na kuhamishwa kituo, lakini namba hiyo hubaki nayo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 iliongezwa namba ya pili iliyopakwa omo, na hii hujieleza yenyewe: 37-01 ni boti ya kwanza ya aina yenye urefu wa futi 37. Marekani walikuwa na utaratibu unaofanana. Boti ya mbao CG36500 ya walinzi wa pwani ni ya futi 36, na kwa kuwa haikuwa na jina la kubadilishwa, ufuatiliaji wake ni mwepesi: iliundwa mwaka 1946 katika karakana ya Curtis Bay, ikawaokoa watu 32 wa meli ya mafuta Pendleton tarehe 18 Februari 1952 ikiongozwa na Bernard Webber, ikastaafishwa mwaka 1968, ikaachwa ioze kwa zaidi ya muongo mmoja, kisha ikafufuliwa.

Hapa pana mtego. Boti ya RNLI ikishauzwa na mnunuzi akaisajili katika rejesta ya meli za Uingereza, hupewa namba nyingine ambayo nayo huitwa rasmi, na namba hiyo huchongwa kwenye mhimili mkuu pamoja na tani za usajili. Namba hizo za karne ya 20 zina tarakimu sita, ilhali za RNLI za wakati wa boti za mbao hazizidi tarakimu nne, na nyingi zina tatu. Ukikuta tarakimu sita zimechongwa kwenye mhimili, furahi, lakini ujue umepata mlango wa maisha ya pili ya boti, si ya kwanza.

Endapo hakuna namba yoyote inayoonekana, tafuta bamba la karakana. Namba ya uundaji ya J. Samuel White au Groves & Guttridge wa Cowes, William Osborne wa Littlehampton, au Thames Ironworks wa London kwa boti za zamani zaidi, inaweza kulinganishwa na orodha za boti zilizoundwa na kila karakana, na hapo namba rasmi hupatikana. Ikiwa bamba nalo limekwisha kung'olewa, basi urefu, upana, aina na idadi ya injini ndivyo vitakavyokusaidia kuondoa boti moja baada ya nyingine katika orodha. Usisahau kuondoa pia zile zilizoangamia. Boti iliyorekodiwa kuwa ilivunjwa au iliungua haiwezi kuwa hiyo uliyoegemea, hata jina likifanana.

Miaka ya huduma

Ukishapata namba rasmi, sehemu hii huwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila boti iliposhushwa majini, kituo kiliandika taarifa ya huduma yenye tarehe, saa, hali ya bahari, chombo kilichosaidiwa na idadi ya waliookolewa. Muhtasari wa taarifa hizo ulichapishwa katika jarida la taasisi, The Lifeboat, lililoanza mwaka 1852 na ambalo matoleo yake ya zamani yamewekwa mtandaoni. Magazeti ya mji wa kituo ni ya thamani kubwa kwa siku mbili hasa: siku boti ilipowasili na siku ilipobatizwa, kwa sababu hapo mwandishi hutaja vipimo, karakana, mfadhili na mara nyingi gharama.

Katika nyumba za boti za vituo vingi zimetundikwa mbao zilizoandikwa huduma zote, mwaka kwa mwaka. Zipige picha, lakini uzichukulie kama nakala: aliyezichora alinakili kutoka kwenye karatasi, na tarehe zinaweza kuhama kwa siku moja iwapo boti ilitoka usiku na kurudi alfajiri. Panapotofautiana ubao na taarifa ya huduma, ichukue taarifa, kisha uandike kwamba zinatofautiana.

Watu nao ni kumbukumbu. Boti za mbao zilikuwa kazini hadi kizazi cha juzi. Solomon Browne ya Penlee, iliyopotea na mabaharia wake wanane tarehe 19 Desemba 1981, ilikuwa ya mbao na iliundwa mwaka 1960. Kwa hiyo mafundi na mabaharia waliozijua boti za namna hiyo bado wapo. Unapowahoji, usiulize iwapo boti ilikuwa nzuri, kwani jibu utalijua. Uliza mambo yanayoweza kupimwa: fundo la kamba liliwekwa wapi, injini ipi ilisumbua kuwaka, ubao upi ulibadilishwa baada ya kugonga ukuta wa bandari. Kiraka kimoja kinachokutwa mahali alipokitaja mzee ni ushahidi mzito kuliko picha kumi.

Miaka baada ya kuuzwa

Hapa ndipo minyororo mingi hukatika. Kumbukumbu za taasisi huishia kwenye tarehe ya kuuza, na mnunuzi hulazimika kuondoa jina na alama za RNLI ili boti isidhaniwe kuwa bado iko kazini. Kwa hiyo anza upya, na safari hii urudi nyuma kutoka leo: hati ya mauzo uliyonayo, aliyekuuzia, aliyemuuzia yeye, na kadhalika, hadi mikono miwili ya mnyororo ikutane.

Ikiwa boti iliwahi kusajiliwa, faili yake inaweza kuwa katika Hifadhi ya Taifa ya nyaraka huko Kew, London, ambako rejesta zilizofungwa zimewekwa katika kundi BT 110. Umiliki katika rejesta hiyo hugawanywa katika hisa 64, na kila hisa inapohama jina la mpokeaji huandikwa, hivyo ukurasa mmoja unaweza kukupa miaka 30 ya wamiliki. Kwa zile zilizogeuzwa yachi, Lloyd's Register of Yachts, iliyochapishwa kati ya mwaka 1878 na 1980, ina faida ya kipekee: hutaja majina ya awali ya chombo. Boti zilizofanywa nyumba za kuishi au za uvuvi hazimo humo mara nyingi. Hizo zifuatilie kupitia ofisi za bandari, risiti za maegesho, bima na matangazo ya mauzo katika magazeti ya wapenda vyombo.

Tangazo la kuuza lisomwe kwa tahadhari, kwani muuzaji hupenda kuongeza chumvi. Hadithi ya Dunkirk ndiyo inayoongoza. Katika operesheni hiyo ya kuwaondoa wanajeshi, ya tarehe 26 Mei hadi 4 Juni 1940, zilishiriki boti 19 za RNLI, na orodha yake inajulikana. Mbili tu, Prudential ya Ramsgate na Lord Southborough ya Margate, ziliendeshwa na mabaharia wake wenyewe, nyingine zikiwa chini ya jeshi la wanamaji. Hata hivyo orodha isitumike bila kufikiri. The Guide of Dunkirk ilichukuliwa moja kwa moja kutoka karakana ya Rowhedge kabla ya kukabidhiwa kituo chochote, na jina hilo lilikuja baadaye, kwa hiyo anayelitafuta katika taarifa za mwaka 1940 ataambulia patupu na pengine kuikana boti iliyokuwapo kweli.

Kuiandika na kuitumia historia hiyo

Andika kwa mfuatano wa tarehe, na kila tukio lipewe daraja: lililothibitishwa na hati, linaloashiriwa na mwili wa boti, au lililosimuliwa. Pengo la miaka liachwe wazi likionekana. Ikiwa boti ni ya zaidi ya miaka 50 na urefu wake unazidi futi 33, inaweza kuombewa nafasi katika Rejesta ya Taifa ya Vyombo vya Kihistoria ya Uingereza, na wakaguzi wake watataka kuona hasa daraja hizo, pamoja na kiasi cha mbao za asili kilichobaki.

Mwishowe mmiliki atataka kuipaka rangi na kuirudishia jina. Achague mwaka mmoja wa huduma na afuate picha za mwaka huo kwa kila kitu, tangu upana wa mstari mwekundu hadi mahali pa herufi. Boti iliyohudumu vituo viwili kwa majina mawili haiwezi kubeba yote kwa pamoja. Alama na bendera za taasisi zisichorwe bila idhini yake. Na kile kipande kidogo kilichokwanguliwa kwa ngazi nyuma ya bati, chenye tabaka zote hadi kwenye ubao, kisipakwe kitu chochote zaidi ya vanishi isiyo na rangi.